Jenereta isiyotumia mafuta: mota haiwezi kujilisha yenyewe

Swali: "Nina duka kijijini ambako umeme hukatika mara kwa mara, wakati mwingine siku mbili mfululizo. Fundi mmoja ananitengenezea jenereta isiyotumia mafuta. Mota ya HP 2 inazungusha flaiwili (gurudumu zito la chuma) ya kilo 30, flaiwili inazungusha alteneta (mashine ya kuzalisha umeme) ya kVA 5, sehemu ya umeme inarudi kwenye mota na unaobaki, karibu kVA 3, unakuwa wangu. Betri ni ya kuanzishia tu. Nimeiona kwake ikiwasha taa kumi. Bei ni milioni 2.5, nimeshatanguliza laki tano. Shuleni tulifundishwa kuwa nishati haiumbwi wala haiangamizwi, ila yeye anasema hayo ni ya vitabuni: air condition hutoa ubaridi mwingi kuliko umeme inaokula, na bwawa linazalisha umeme bila kuchoma chochote. Nimalizie hela au niache? Nataka kuendesha friji, TV, taa na kuchaji simu za wateja."

Ndugu msomaji, usimalizie hela. Mashine uliyoeleza haitaendesha friji yako, wala haitajiendesha yenyewe hata kwa dakika moja betri ikishaondolewa. Nalisema hilo bila kuiona, kwa sababu tatizo halipo kwenye ustadi wa fundi wala ubora wa vifaa vyake. Hata ingeundwa na kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, kwa mota hiyo na alteneta hiyo, ingesimama.

Hofu yako ina mambo mawili. Kwanza ni hela, na hilo ni rahisi. La pili ni gumu zaidi: umeona taa zinawaka kwa macho yako, na umepewa hoja mbili ambazo hukuweza kuzijibu. Mtu akiwa katika hali hiyo, kumwambia tu "sheria ya fizikia inakataa" hakumsaidii. Basi tuichukue mashine kipande kwa kipande.

Tuanze na kibao kilichobandikwa kwenye alteneta, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotelea. kVA 5, yaani takriban wati 5,000, si kiasi ambacho alteneta itakupa. Ni kiwango cha juu inachoweza kubeba bila kuungua. Lori lililoandikwa tani 10 haliji na tani 10 za mahindi ndani yake. Mahindi ni lazima mtu ayapakie. Alteneta hupakiwa na kinachoizungusha, na kwako kinachoizungusha ni mota ya HP 2. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo mota hiyo ikifanya kazi kwa kiwango chake cha juu inatoa kwenye shafti wati 1,500 hivi. Kutoka kwenye wati 1,500 huwezi kuchota wati 3,000, hata ungebadilisha alteneta ukaweka ya kVA 50.

Sasa fuata umeme wenyewe unavyosafiri. Mota ndogo ya fezi moja ina ufanisi wa asilimia 75 hadi 80. Tuseme 78. Ili itoe wati 1,500 kwenye shafti inahitaji kula wati 1,920 hivi; zaidi ya wati 400 zinageuka joto kwenye waya za shaba na kwenye chuma, na ndiyo maana mota ina feni nyuma na mapezi mgongoni. Mkanda unapojikunja kwenye puli unakula kama asilimia 5, zinabaki 1,425. Alteneta ndogo ya aina hiyo hugeuza umeme asilimia 80 hivi ya kinachoingia. Unapata wati 1,140. Beringi na upepo unaopigwa na flaiwili sijavihesabu.

Umeingiza 1,920, umepata 1,140. Ukizirudisha zote kwenye mota, usiwashe hata taa moja, mzunguko unaofuata unaanza na upungufu wa wati 780. Raundi ya pili inakuwa ndogo kuliko ya kwanza, ya tatu ndogo zaidi, na yote hayo yanatokea ndani ya sekunde chache. Ukiwa karibu unasikia mvumo ukishuka kama feni iliyozimwa.

"Vipi tukipata vifaa bora?" Ndilo swali linalofuata, na ndilo linalowatia watu kwenye madeni. Mota ya asilimia 95 ipo, alteneta ya asilimia 95 ipo. Zidisha: 0.95 mara 0.95 ni 0.90. Bado unapoteza sehemu moja ya kumi kila raundi. Ungeweza kusogelea 1 maisha yako yote, na hata ungeifikia ungekuwa na mashine inayojizungusha tu bila kukupa kitu. Ili ikupe wati hata moja ya ziada, lazima kifaa kimojawapo kitoe zaidi ya kilichopokea. Hicho ndicho kinachokatazwa na sheria ya kwanza ya thamodinamiki, ile ile uliyofundishwa shuleni. Haikutungwa mezani. Katika miaka ya 1840 James Joule huko Uingereza aliachia vitu vizito vishuke vikizungusha mapezi ndani ya maji, akapima jinsi maji yalivyopata joto, na kila alipopima kiasi kile kile cha kazi kilitoa kiasi kile kile cha joto. Akademia ya Sayansi ya Paris ilikuwa imeshatangaza mwaka 1775 kwamba haitachunguza tena mashine za kujiendesha milele, kwa sababu zilizoletwa zilikuwa nyingi na zote zilisimama. Na mita ya LUKU nyumbani kwako inahesabu kwa sheria hiyo hiyo kila siku, bila kupendelea upande wako wala wa shirika.

Kuna kitu kingine ambacho unaweza kukihisi kwa miguu yako. Tafuta baiskeli yenye dainamo. Iache dainamo mbali na tairi, piga pedeli. Kisha iangushe iguse tairi, taa iwake: pedeli zinakuwa nzito papo hapo, kwa taa ya wati 3 tu. Chomoa waya wa taa na uendelee, uzito unapungua ingawa dainamo bado inazunguka. Umeme unapopita kwenye koili unatengeneza usumaku unaovuta kinyume na mzunguko. Alteneta isiyo na mzigo inazunguka kwa wepesi na kumdanganya anayeitazama. Ukiunganisha pasi, inakamata shafti kama breki. Kadiri unavyochota, ndivyo inavyokuwa nzito.

Flaiwili nayo ina sifa ambayo haistahili. Ni kifaa kizuri sana mahali pake: kwenye injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, ndiyo inayobeba pistoni ivuke mgandamizo mpaka mlipuko unaofuata, na gurudumu la cherehani ni ndugu yake. Kazi yake ni kutunza na kulainisha mwendo. Inatunza kiasi gani? Tuseme sahani ya chuma ya kilo 30 yenye upana wa sentimita 50, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Ndani yake kuna jouli 11,600 hivi, yaani wati-saa 3.2. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina wati-saa 19. Flaiwili nzima ya kilo 30 imebeba nishati ya sehemu moja ya sita ya simu iliyo mfukoni mwako! Ukiunganisha mzigo wa wati 1,000, inaisha yote ndani ya sekunde 12, na kwa matumizi halisi hata hizo huzipati, kwa sababu mzunguko ukishuka kwa asilimia 10 tu umeme wa Hz 50 unakuwa 45, na hadi hapo umechota sekunde mbili hivi.

Na hizo jouli 11,600 flaiwili haikuzileta. Ziliingizwa na mota wakati wa kuanza, kutoka kwenye betri. Ni akiba, na anayetoa akiba bila kuweka anajua mwisho wake.

Lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko huu. Neno "nguvu" tunalitumia kwa mambo matatu tofauti: kani inayosukuma au kuvuta, nishati iliyohifadhiwa, na kasi ya kutumia nishati hiyo, ile inayopimwa kwa wati. Fundi anapokuambia "puli kubwa inaongeza nguvu" anasema kweli kwa maana moja na si kweli kwa nyingine. Ukitoka puli ndogo kwenda kubwa unaongeza kani ya kuzungusha, lakini mizunguko inapungua kwa uwiano ule ule. Zidisha kani kwa mwendo na jibu halikui hata kidogo. Linapungua kwa kile kilicholiwa na mkanda. Wenzo unaoinua gunia la kilo 100 kwa mkono mmoja unakulazimisha usukume safari ndefu ili gunia lipande kidogo.

Hoja ya air condition ni nzuri na inastahili jibu kamili. Ni kweli: mashine inayokula wati 1,000 inaweza kuondoa wati 3,000 za joto chumbani. Lakini haikuziumba. Ilizihamisha. Simama nyuma ya kile kifaa cha nje uone: kinatapika wati 4,000 za joto, yaani 3,000 zilizotoka chumbani na 1,000 za umeme. Mahesabu yanafunga. Kuli mmoja anayekula sahani moja ya wali anaweza kuhamisha magunia 30 ya mchele kutoka jahazini. Hakuna anayesema ameumba magunia 30. Ndiyo maana pia ukiacha mlango wa friji wazi ili upoze jikoni, jikoni kunazidi kupata joto: joto linatolewa mbele na kurudishwa nyuma, pamoja na umeme wa kompresa juu yake.

Basi mtu atasema: tukusanye lile joto la mota, tulirudishe kuwa umeme. Hapa inaingia sheria ya pili, na mimi naiona kuwa ndiyo nzito zaidi. Ya kwanza inakuambia huwezi kupata zaidi ya ulichoweka. Ya pili inakuambia kwamba joto likishasambaa halirudi lote kuwa kazi, hata ungekuwa na mashine isiyo na msuguano. Sadi Carnot wa Ufaransa ndiye aliyefungua njia ya jambo hili mwaka 1824: kinachowezekana kinategemea tofauti ya halijoto. Mwili wa mota una nyuzi 70 za Selsiasi, hewa ya dukani ina 30. Geuza kuwa kelvini: 343 na 303. Gawa 303 kwa 343, toa kwenye 1, unapata 0.117. Kwa hiyo mashine kamilifu kabisa, ambayo hakuna mtu anayeweza kuiunda, ingerudisha chini ya asilimia 12 ya joto lile. Wati 400 zilizopotea kwenye mota zingekupa 47, na vifaa halisi vingekupa chache tu kati ya hizo.

Bwawa ni rahisi zaidi. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na hakuna kinachochomwa pale. Lakini kila lita inayopita kwenye turbini ilipandishwa milimani na jua, kama mvuke, kisha mvua. Jua ndilo mafuta yake. Mwaka 2006 ukame uliposhusha maji kwenye bwawa la Mtera, nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme, na hakuna fundi aliyeweza kuyazungusha maji yale yale mara ya pili. Kuna wanaouza mpango wa kupandisha maji kwenye tangi kwa pampu kisha yashuke yakizungusha alteneta. Lita 1,000 kutoka mita 10 juu zina wati-saa 27. Zinawasha taa moja ya wati 9 kwa saa tatu, na pampu ilikula zaidi ya hizo kuyapandisha.

Sasa zile taa kumi ulizoziona. Taa za LED za wati 9 ni wati 90 zote pamoja. Mota ya HP 2 isiyo na mzigo inakula labda wati 200 hadi 300. Betri moja ya gari, ya ukubwa wa N70, kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), inaweza kubeba onyesho lote kwa nusu saa hivi. Simtuhumu fundi wako kuwa tapeli. Wapo mafundi waaminifu kabisa wanaoona mashine ikizunguka kwa sekunde kadhaa baada ya kukata betri, wakaamini kwamba imebaki sumaku moja tu au beringi bora ikamilike, na wakatumia hela zao wenyewe kwa miaka. Ila muaminifu au la, hela yako inapotea kwa njia ile ile.

Ukitaka kumpa nafasi ya haki, mwombe jaribio moja, kabla ya kulipa hata senti nyingine. Mashine itolewe nje, iwekwe juu ya meza ya mbao uwanjani, uone chini na pande zote. Ikishazunguka, betri ifunguliwe terminali zote mbili na ibebwe mbali, na inveta nayo. Kisha unganisha hita ya maji au jiko la koili la wati 1,000, si taa. Usikubali kupimiwa kwa volti peke yake au ampea peke yake: alteneta inaweza kuonyesha volti 230 safi bila kutoa wati yoyote, na mota isiyo na mzigo inavuta ampea nyingi ambazo si kazi halisi. Tumia mita inayosoma wati. Iache saa 24. Hizo ni uniti 24. Ili kuzificha kwenye betri za risasi na asidi zingehitajika betri kumi za 12 V 200 Ah, zaidi ya nusu tani. Hakuna sanduku la kuzificha chini ya meza. Akikataa jaribio hilo, au akitaka lifanyike kwa taa na kwa dakika kumi, umeshapata jibu.

Wakati wa jaribio simama mbali. Ukingo wa flaiwili ile unakwenda kilomita 140 kwa saa, na iliyochomelewa kienyeji bila kusawazishwa inaweza kupasuka au kuruka kwenye beringi. Watoto wasiwe karibu kabisa.

Kwa duka lako, tuhesabu kama tulivyohesabu mashine yake. Friji ndogo ni takriban wati-saa 1,200 kwa siku. Taa tano za wati 9 kwa saa tano ni 225. TV ya wati 50 kwa saa sita, 300. Simu 20 za wateja, 400. Jumla 2,125, tuseme uniti mbili na kidogo. Umeme huo unaweza kuupata kwa paneli za sola. Sehemu nyingi za Tanzania unaweza kupangia saa tano za jua kali kwa siku, na kwa upotevu wa vumbi, joto, waya, betri na inveta unabaki na asilimia 70. Saa tano mara 0.7 ni 3.5. Gawa 2,125 kwa 3.5, unapata wati 607: paneli mbili za 330 zinatosha. Betri ya lithiamu ya 24 V 100 Ah inakuvusha usiku na kukuachia akiba. Ukichagua za risasi na asidi, weka mbili za 200 Ah kwa mfululizo, na usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, iwe ya aina ya MPPT, ampea 30. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave), wati 1,500, kwa sababu kompresa ikianza inavuta mara tano hadi saba ya kiwango chake kwa muda mfupi. Hapo ndipo wengi wanaponunua inveta ya wati 500 kisha wanalaumu jua.

Jua nalo lina udhaifu wake. Wakati wa masika, siku tatu za mawingu mfululizo zitakulazimu uzime friji au uchaji betri kwa umeme wa gridi unaporudi, na kwako gridi ipo, kwa hiyo chagua inveta yenye chaja ndani. Jenereta ndogo ya petroli inafaa kama msaidizi wa dharura tu: lita moja ya petroli ina takriban uniti 9 za nishati, wewe unapata kama 1.5, zingine zinatoka kwenye ekzosi na mapezi ya injini, na ikiwa na mzigo mdogo unapata pungufu ya hapo. Kama fedha hazitoshi kwa yote sasa, anza na taa, simu na TV, paneli moja na betri ndogo, friji ije baadaye. Friji ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya mfumo wote.

Kwenye kuunganisha usifanye mwenyewe. Chanzo chochote cha umeme kikiingizwa kwenye nyaya za duka lenye mita bila chenjiova inayotenganisha kabisa, umeme unarudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa laini aliyepanda akijua imezimwa. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mwombe akuonyeshe, na apime waya wa ardhi kabla ya kuondoka. Kama fundi wako ameshaunganisha chochote kwenye saketi za dukani, zima swichi kuu leo na umwite mwenye leseni akague kwanza.

Kuhusu laki tano: nenda na shahidi, mweleze kwa heshima kwamba umebadili nia, na mpange kwa maandishi namna ya kurejesha. Kama hela imeshanunua vifaa, chukua mota. Mota nzima ya HP 2 inauzika, na gridi ikiwepo inaendesha pampu ya kisima vizuri.